KIKO CHA KIKI: Katoka kwenye ladha, kahamia "asilia", halafu anasema ameacha

Mjini kumeingia wokovu wa aina yake. Mtu anaokoka, anatoa ushuhuda, anapigiwa makofi na kumwagiwa emoji za moto, na dhambi yenyewe iko palepale mkononi inafuka moshi.

Staa mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye miaka ya nyuma ilikuwa nadra kumkuta kwenye picha ya kiwanja bila mrija wa shisha mdomoni, siku hizi anaposti kiko. Kiko cha mti, kimeng'arishwa hadi kinaonyesha dirisha, kimewekwa pembeni ya kikombe cha kahawa na kitabu ambacho hakuna mwenye uhakika kama kimeshafunguliwa. Maneno chini ya picha yanasema hakuna ladha tena, hakuna kemikali, ni jani tupu. Mtangazaji mmoja wa redio kafuata njia hiyohiyo. Mwanamitindo mmoja, binti mwenye jina lake mjini, naye kaingia na kiko chembamba cha kike na sentensi ileile: "Nimeacha ya ladha, nimerudi kwenye asilia."

Kurudi? Walikuwa huko lini?

Historia yenyewe siyo ndefu. Kwanza ilikuwa shisha: tufaha, zabibu, embe, mnanaa, mezani chupa na vijana sita wakipokezana mrija mmoja. Watu waliapa kwamba ule ni mvuke wa matunda tu, maji yanachuja uchafu wote. Shirika la Afya Duniani lilishaeleza tangu 2005 kwamba kikao cha saa moja kinaweza kumpitishia mtu moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja, lakini nani asome ripoti ya Geneva wakati DJ anapiga ngoma? Julai 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza marufuku ya shisha nchini. Uganda walikuwa wameshaiweka kwenye sheria yao ya 2015, Kenya na Rwanda wakafuata Desemba 2017. Hapa kwetu viwanja vikanywea, mabomba yakaingia stoo, na wale waliokuwa na hela wakaanza kutafuta kitu kingine cha kushika mkononi kwenye picha.

Ndipo kiko kikaingia. Mwanzoni kilikuwa cha ladha vilevile, maana mdomo ulishazoea sukari: vanila, cheri, karameli, wiski. Harufu yake ukipita karibu ni kama mtu kamwaga keki kwenye jiko la mkaa. Halafu wakakutana na wajuzi wa mtandaoni, wale wanaume wa mbele wenye ndevu na makabati yaliyojaa makopo, wakaambiwa kwamba hiyo ya vanila ni ya watoto na mwanaume kamili anavuta Virginia tupu, burley, au Latakia iliyokaushwa kwa moshi. Bishoo wa Dar hapendi kuitwa mtoto. Akahama ndani ya wiki.

Mpaka hapo isingekuwa stori. Watu wazima wanabadilisha vitu vyao kila siku. Stori ilianza pale kuhama kulipobadilishwa jina kukaitwa kuacha.

Video iliyovuruga mambo ilipigwa Igowole, kule Mufindi mkoani Iringa. Mwenye hiyo video ni mchekeshaji mmoja mwenye wafuasi kibao, aliyepanda na timu yake kwenda kusaka ukungu. Na ukungu wa Mufindi ukiupata vizuri, huhitaji kichujio chochote kwenye simu: mashamba ya chai yamelala kama zulia, milingoti na paini zimesimama nyuma, baridi inatoa mvuke mdomoni kabla hata hujawasha kitu. Jamaa kavaa koti refu, kashika kiko, kapuliza. Moshi na ukungu vikachanganyika, muziki laini nyuma. Maneno yake: hapa ndipo mwili unaposafishika, hewa safi, chai safi, tumbaku safi.

Tumbaku safi. Yaani kasafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar kwenda kuvuta hewa ya milimani, halafu kaichanganya na moshi na kuiita usafi.

Katikati ya video wakaingia kilabu cha ulanzi. Msimu ulikuwa wa mvua, ulanzi umejaa, wazee wamekaa kwenye mabenchi. Mchekeshaji akamfuata mzee mmoja mwenye msokoto wa gazeti vidoleni.

"Kamwene babu, shikamoo."

"Kamwene. Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, hii yangu haina ladha yoyote. Ni tumbaku tupu kama hiyo yako."

Mzee akapokea kopo, akanusa, akakohoa kikohozi kirefu kile cha kutokea tumboni, akarudisha. "Shilingi ngapi?"

Jamaa akacheka, kamera ikageuzwa haraka kwenda kwenye chai. Bei haikutajwa. Kopo lenyewe la gramu 50 limeagizwa nje, na mzee amekaa na tumbaku yake ya sokoni aliyoiviringisha kwenye ukurasa wa michezo. Kikohozi nacho hakikuondolewa, kimebaki mle ndani chini ya muziki, na ajabu ni kwamba mamia ya watu walioandika chini ya video hiyo walisifu koti.

Mzee huyo na wenzake wamevuta "asilia" maisha yao yote. Jani tupu, halina vanila, halina karameli, limetoka shambani likakaushwa likauzwa kwa kipimo sokoni. Kwa miaka yote hiyo mjini walikuwa wanachekwa. Mwanaume mwenye msokoto wa gazeti alikuwa mshamba, mzee wa ugoro, mfano wa mtu asiyejua maisha. Leo jani lilelile likiingia kwenye kopo lenye maandishi ya dhahabu, ghafla ni afya na ni daraja la juu. Kama kweli jani tupu linasafisha mwili, basi vilabu vya ulanzi vya Mufindi vingekuwa vimejaa wazee wenye mapafu ya watoto, na Dar nzima ingekuwa inahamia huko kutibiwa.

Haki itendeke lakini, kwa sababu ndani ya maneno ya hawa mastaa kuna ukweli kidogo, na wanaowabishia wakiuruka wanaonekana wanapiga kelele tu. Ladha ni mtego kweli. Moshi wa tumbaku kwa mtu anayeanza ni mchungu, unakwangua koo, mwili wenyewe unaukataa. Ladha kazi yake ni kumnyamazisha huyo mlinzi wa mlangoni. Ndiyo maana Marekani mwaka 2009 waliondoa sigara zote zenye ladha isipokuwa menthol, Umoja wa Ulaya wakaiondoa na menthol yenyewe Mei 2020, na Ethiopia sheria yao ya 2019 ikapiga marufuku tumbaku zenye ladha. Hao wote waliona kitu kimoja: anayevutwa na embe na cheri siyo mzee wa miaka 60. Hata wavutaji wazoefu wa kiko wanasema tumbaku iliyomwagiwa sukari na manukato huwa na majimaji mengi, inaunguza ulimi, na mara nyingine manukato yanaficha jani hafifu. Kwa hiyo anayesema ladha ni utapeli hajakosea.

Kosa linaanzia kwenye hatua inayofuata. Kugundua kwamba mlangoni kulikuwa na tapeli hakumtoi mtu ndani ya nyumba.

Watu wa Igowole wenyewe wana mfano wa jambo hili na wala hawahitaji semina. Ulanzi ukigemwa leo ni mtamu, unaitwa mtogwa, hata mgeni anaweza kupiga lita akidhani ni juisi. Ukikaa, utamu unaondoka, unakuwa mkangafu, na huo ndio unaolaza watu njiani. Hakuna aliyeongezea kitu. Ni ulanzi uleule, asilia kwa asilimia mia, umepoteza sukari tu. Sasa mtu atoke kwenye mtogwa ahamie kwenye mkangafu, halafu asimame mbele ya kilabu atangaze kwamba ameacha pombe. Atachekwa mpaka msimu ujao. Lakini mtu huyohuyo akifanya hivyo na tumbaku mbele ya simu, anaitwa mfano wa kuigwa.

Na mfano huo unakwenda mbali kuliko unavyoonekana, kwa sababu tumbaku nayo ikipungua sukari inaweza kumkamata mtu kwa namna nyingine. Jani la Virginia, ambalo wakulima wetu wanaliita tumbaku ya mvuke, hukaushwa kwa joto haraka na sukari yake nyingi ya asili inabaki. Moshi wake una tindikali. Jani kama burley, tumbaku ya hewa, huning'inizwa kwa wiki kadhaa mpaka sukari karibu yote inakwisha, na moshi wake huelekea upande wa alikali. Tofauti hiyo siyo ya maabara tu. Nikotini kwenye moshi wa alikali haihitaji kusafiri hadi mapafuni, inapita kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo bingwa anayejisifu kwamba yeye "havuti ndani", anapuliza tu, bado anapata dozi yake kamili. Ndiyo maana wageni wa kiko wakijaribu mchanganyiko mkali usio na manukato wanajikuta wameshika ukuta, jasho linawatoka, dunia inazunguka. Wenyewe wanaita hiyo "nguvu ya asili". Ni sumu ya nikotini inapiga hodi.

Halafu kuna hili la kutovuta ndani. Mzee aliyeanza na kiko tangu ujana anaweza kweli kuwa anapuliza tu. Lakini tafiti za siku nyingi zimeonyesha kwamba mtu aliyetokea kwenye sigara akihamia kiko huwa anaendelea kuushusha moshi mapafuni, kwa sababu mazoea hayahami. Hawa wa mjini wametokea kwenye shisha, na shisha huvutwa kwa kifua kizima. Miaka mitano ya kujaza mapafu moshi wa tufaha, leo wanashika kiko na kuambiwa wapulize tu kama mabwana wa Kiingereza. Video ya Igowole iangaliwe tena taratibu: moshi unaingia, kimya, unatoka puani. Moshi unaotoka hivyo huenda ulishashuka.

Neno lenyewe "asilia" nalo lichunguzwe kidogo, maana linabebeshwa mzigo mkubwa mno.

Tumbaku ya nchi hii inalimwa Tabora, Chunya kule Mbeya, Ruvuma na kwingine, na Iringa yenyewe ina historia nayo tangu enzi za masetla, wengi wao Wagiriki, waliokuwa wakilima Virginia. Mkulima wa Chunya ukimwambia jani lake ni la asili tu halijaguswa na kitu, atakushangaa. Kuna mbolea ya dukani na kuna viuatilifu; vyote vinakopeshwa kama pembejeo kupitia chama cha msingi na vitakatwa kwenye mauzo. Kisha jani linaingia kwenye mabani, moto wa kuni unawaka usiku na mchana karibu wiki nzima, na miombo inakatwa kuulisha. Songea na Namtumbo kuna tumbaku ya moshi, inayotundikwa juu ya moto wenyewe mpaka inakuwa nyeusi. Jani la namna hiyo ndilo linalopendwa kwenye michanganyiko mizito ya kiko. Wajuzi wanalisifia kwa harufu ya moto wa kambi. Harufu hiyo ni masizi yaleyale, yenye kemikali zilezile za kusababisha kansa zinazopatikana kwenye moshi wa kuni.

Na hata ukiondoa mbolea, kuni na kila kitu, bado kuna nitrosamini za tumbaku, kundi la kemikali ambalo liko kwenye orodha ya visababishi vya kansa vinavyojulikana vizuri. Haziongezwi kiwandani. Nyingi zinajitengeneza zenyewe kutokana na nikotini wakati jani linakaushwa na kuivishwa. Zimetoka kwenye jani. Asilia.

Anayetaka ushahidi mfupi zaidi amuulize mvunaji. Asubuhi majani yakiwa na umande, nikotini inayeyuka kwenye maji na kupita kwenye ngozi ya mikono. Mtu anapata kizunguzungu, kichwa kinagonga, anatapika. Hajawasha kiberiti, hajaona kopo, hajakutana na vanila. Kashika tu jani bichi kabisa, kile kitu kisafi kuliko vyote kwenye kapsheni za mastaa.

Biashara ya dunia inalijua neno hili vizuri na imelitumia sana. Agosti 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliziandikia barua za onyo kampuni tatu za sigara kwa kutumia maneno kama "natural" na "haina viongezeo", kwa sababu yanamfanya mnunuzi aamini bidhaa ina madhara kidogo. Mmoja wao, mwenye sigara za Natural American Spirit, Januari 2017 akakubali kuacha kutumia maneno hayo kwenye lebo na matangazo, ila "Natural" likabaki kwenye jina la chapa. Kabla ya hapo kulikuwa na zile zilizoitwa "light" na "mild". Wavutaji wengi walihamia huko badala ya kuacha, wakavuta kwa nguvu zaidi kufidia, na madhara yakabaki pale pale. Mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania imo tangu 2007, unazitaka nchi zizuie maneno ya namna hiyo kwenye pakiti. Kwa hiyo kampuni inabanwa kuandika "safi" kwenye kopo lake, ila mchekeshaji mwenye simu anaisemea bure kwenye ukungu wa Mufindi. Au siyo bure. Hilo wenyewe wanalijua na hakuna aliyelisema.

Wapo wanaowatetea. Hoja ya kwanza huwa ni kwamba mtu mzima ana uhuru wake. Sawa kabisa, avute. Mwanamuziki wa miaka 34 akiamua kuvuta kiko barazani kwake hakuna wa kumnyang'anya. Hoja ya pili ni ya utamaduni, eti wazee wetu walivuta. Walivuta, na tumbaku yenyewe ni mmea wa Amerika ulioletwa kwa meli, wazee wakaupokea kabla hakuna mtu yeyote duniani aliyejua unafanya nini ndani ya kifua. Anayevuta mwaka huu hana udhuru huo. Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito: bora hatua moja kuliko hakuna, mtu aliyepunguza manukato kapunguza kitu. Kapunguza manukato, ni kweli. Lakini mdomo, ulimi, koo na umio havikuwa vinaugua kwa sababu ya cheri. Na hatua ina maana pale inapoelekea mlangoni. Hawa wamehama chumba, wakabadilisha pazia, wakaagiza na kiti cha ngozi.

Mtu aliyeacha kweli anajulikana, na mjini wapo. Kuna prodyuza mmoja aliyeacha kimyakimya. Miezi ya kwanza alikuwa mkali kama pilipili, akanenepa, akawa anatafuna karanga studio nzima, waliokuwa wanamtembelea wakapungua. Hakuna picha ya hiyo safari. Haina ukungu wala koti refu, na karanga hazina mvuto kwenye kamera.

Sheria ya bidhaa za tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Chini ya ile video ya Igowole, katikati ya sifa za koti na mioyo myekundu, kuna dogo mmoja ambaye picha yake ya wasifu ni ya sare ya shule, kaweka na kitambulisho shingoni. Kaandika: "Bro mimi shisha nimeacha kabisa, ya kuanzia isiyo na ladha ni ipi?" Katika watu wote walioandika pale, huyo ndiye staa aliyepata muda wa kumjibu. Alimwekea moyo, jina la kopo, na mtaa wa duka.